Fidia ya Maji na Shikamoo ya Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Bosi ametangaza: Alhamisi mji jirani unakuja kumaliza suala la fidia. Miaka nenda rudi wanakunywa maji ya bwawa letu, na fidia ya mashamba yaliyozama ni ahadi tu. Mimi nitapanga viti. Fundi wa koki, kupanga viti!

Jioni akapita Shemeji, kaka wa mke wangu, karani wa maji wa huo mji jirani. Tumezaliwa mwezi mmoja, na tangu harusi hakuna aliyekubali kumwamkia mwenzake. Tukikutana tunakohoa. Akasema mji wao hautoi hata senti. Nikasema utatoa. Tukawekeana dau: atakayeshindwa atampa mwenzake shikamoo mwaka mzima, mbele ya Mama Mkwe. Mke wangu akasema sote tunahitaji viboko.

Jumatano, 5 Machi

Mpango tayari. Kesho alfajiri naifunga koki inayopeleka maji kwao. Waje kikaoni na sabuni masikioni! Mwenye kiu hana kiburi. (Methali yangu mwenyewe. Nzuri.)

Spana nimeiandika jina kwa rangi nyekundu. Kazini kwetu vitu vina miguu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimezungusha kulia mpaka ikagoma. Nikakimbilia viti, spana nikaisahau pale pale.

Wageni wakaingia wanang'aa! Meya wao ananukia sabuni, anapiga mluzi. Akasimulia kwamba leo maji yamepanda hadi ghorofani kwake, mara ya kwanza tangu ahamie. Ameoga mpaka mkewe akagonga mlango. Akasema watu wakarimu hivi hawafai kuzungushwa. Akatia sahihi kabla ya chai.

Chai haikuja. Mabomba yetu makavu!

Koki ile ni ya kizamani. Hufungwa kwa kushoto, si kama za siku hizi. Nilikuwa nimeifungua yote, maji yetu yakaenda kwao.

Lakini tumeshinda! Nikamkumbatia Bosi. Akaniuliza mbona viti havitoshi.

Nyumbani, Mama Mkwe yuko uani na povu kichwani tangu asubuhi. Nikamfariji kwamba ni kwa faida ya mji. Hakufarijika. Nikarudi mbio kwenye koki. Wenzangu wa zamu wameshairudisha ilipokuwa. Spana haipo.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kaja. Akainama mbele ya Mama Mkwe: "Shikamoo, shemeji."

Marahaba yangu niliivuta kama kamba ya kisima. Raha!

Kisha akaniomba nimsindikize getini. Akafungua mkoba. Spana yangu, jina jekundu! Jana yeye na Meya wake walipokuwa wakirudi kwao walisimama kuiona koki iliyowapa maji. Yeye akaiwahi spana, akaificha kotini. Akasema hataki kitu, anataka kusikia neno moja tu.

Nikatazama huku na huku. "Shikamoo, shemeji."

"Paza kidogo. Masikio yangu yana maji, jana nimeoga mno."

Nikapaza. Dirishani, Mama Mkwe akacheka mpaka akakaa chini.

Jumapili, 9 Machi

Tumekula pamoja, nyumba imejaa. Sasa tunaamkiana kwa zamu, yeye kisha mimi, na watoto wanatuiga huku wakigaragara kwa kicheko. Spana nimerudishiwa.

Shemeji anasema mji wa tatu, kule mlimani, nao unatumia bwawa letu na haujatoa fidia. Kikao mwezi ujao. Bosi keshaniambia nipange viti.

Wiki hii nimejifunza mengi. Kwanza, jina nimelikwangua kwenye spana. Pili, koki ya mlimani nimeikagua: mpya kabisa, imewekwa juzi tu. Lakini koki ni koki. Safari hii nazungusha kushoto.