Mlipuko wa Ng'ombe Katika Chumba cha Wanaume

Chuo chetu hapa Bariadi kina furaha kuutangazia umma kwamba suala la wanafunzi wa kiume kubeba uchungu kimyakimya sasa limepatiwa chumba, mwongozo na mratibu. Mratibu ni mimi. Jumatatu asubuhi nilikuwa nikifagia chumba hicho, akaingia mtu nisiyemjua, gambuti zimejaa matope, kisanduku cha chanjo begani.

"Mwangaluka, mwalimu. Mimi bwana mifugo. Ng'ombe wagonjwa wako wapi?"

"Hapa hatufugi."

"Mkuu wenu mwenyewe kanipigia, kasema mlipuko ni mkubwa. Hata nyama kantini kaisimamisha."

La nyama lilikuwa kweli. Tulikuwa tunakula maharage tangu Alhamisi, nami nilidhani ni mkakati wa lishe.

Nilijua ng'ombe hao wametoka wapi, ila kumweleza sikuweza. Mwanzoni vijana walikuwa wanaingia, wanakaa, wanasema, "Niko fiti, kaka," wanaondoka. Kwetu mvulana akilia huambiwa ajikaze. Akilia kwa sababu ya ng'ombe, huulizwa alikuwa wa rangi gani. Basi Jilala wa mwaka wa pili akaja kunieleza kwamba mtamba wake amehamia zizi la mtu mwenye gari. Masunga naye akaleta habari za fahali mzee aliyemsomesha: tangu msimu wa pamba ameanguka, upande mmoja haunyanyuki, na akiitwa haitiki. Sikumuuliza ni fahali gani husomesha watu. Nilimpa maji, nikamsikiliza mpaka akamaliza.

Wote niliwaahidi kwamba la humu halitoki humu. Ila ofisi ilitaka kila mwezi ijue aina ya matatizo, nami nikaitaarifu kwa uaminifu: ng'ombe.

Kikao cha dharura kikaitwa palepale, na bwana mifugo akaalikwa kama mdau. Mkuu wa Chuo, Dakta Mwandu, akatangaza karantini shirikishi.

"Mratibu, taja wenye mifugo. Majina yote, bila kujali cheo!"

Wajumbe wakapiga makofi. Mimi nikamtazama Mkuu. Ijumaa alikuja chumbani kukagua viti. Alikagua kimoja tu, akakikalia muda mrefu, kisha akasema ana ndama wake wa kwanza, alimchapa mbele ya wageni, na ndama huyo hajamsemesha tangu Pasaka. Leso yangu bado anayo.

"Niliahidi kutosema, Mkuu."

"Ahadi haimo kwenye mwongozo!"

"Hata kama ni kigogo, atajwe!" akadakia mhasibu, Bi Scola. "Huenda ndiye katuletea."

"Mie nitamchanja hukohuko ofisini kwake," akasema bwana mifugo, akitafuta sindano.

Hapo Mkuu akakumbuka kitu. Miwani ikaingia ukungu.

"Pengine," akasema polepole, "usiri nao una tija yake..."

"Mkuu, usilegee!" akasema Bi Scola. "Si wewe unayetuambia kila siku, mwanaume ni msimamo?"

Azimio likapita kwa kauli moja: nitaje majina, au mkataba wangu uvunjwe. Kwa kauli moja maana yake hata Mkuu alinyoosha mkono, macho kayaelekeza kwenye feni.

Mkataba ule ndio uliomfanya mama, kule Nassa, aache kuniuliza nitarudi lini kulima. Niliufikiria. Nikamfikiria na Masunga akiufuta uso kwa shati. Nikaweka ufunguo wa chumba mezani.

Nje Jilala alikuwa ananisubiri.

"Kaka, umetutaja?"

"Hata mmoja."

"Na kazi?"

"Kazi imebaki humo ndani."

Akanibebea begi hadi getini. Nilikuwa nimeshapanda bodaboda nilipomwona Mkuu anakuja mbio, hana koti, hana msafara.

"Kijana," akanong'ona, akihema, "yule ndama... kuna mtu ulimwambia?"

"Ndama yupi, Mkuu?"