Bomba la Babu na Kichwa cha Willis

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimepata silaha! Bomba la shaba la babu. Alirudi nalo kutoka vita vya Mjerumani, alikobebeshwa mizigo ya askari. Phelesia, mke wangu, amelitumia miaka yote kuanikia matambara ya jikoni. Lina kioo kila ncha na pa kuchungulia katikati. Kazi yake ni kupima umbali, bila kamba!

Jumamosi tunachagua mwenyekiti wa wavuvi hapa kisiwani Mfangano. Ni mimi au Willis. Kutega nyavu kwenye mazalio ya samaki ni marufuku, na Willis simwamini. Nitapima alipotega, nitamnasa, kiti changu. Phelesia akauliza sisi wenyewe tunategea wapi. Mwanamke huyu ana maswali!

Boti nimeipaka njano, rangi ya kampeni.

Jumanne, 10 Juni

Nimelipeleka kwa mwalimu Cate wa historia. Kosa! Nilitaka kujua pa kushika, akanipa somo zima. Eti zamani wapiga mizinga walikisia kwa macho tu. Eti mwaka 1888 maprofesa wawili wa Uingereza waliona tangazo la jeshi gazetini, wakaunda kipimo cha namna hii. Jeshi likakijaribu, likakikataa. Wanamaji wakakipenda. Kikazagaa vitani kote, mpaka vipimo vya leza vilipokuja. Nikasinzia.

Mwishowe akafika kwenye maana. Picha huonekana imekatwa: nusu ya juu inatoka kioo kimoja, ya chini kingine. Unazungusha gurudumu mpaka zikutane, unasoma yadi. Akasisitiza tena na tena nihakikishe nusu zote ni za kitu kimoja. Nikamwambia mimi si mtoto.

Alhamisi, 12 Juni

Amekwisha! Nilipanda jiwe kubwa asubuhi. Nusu ya juu, Willis na kofia yake nyekundu. Nusu ya chini, maji. Nikazungusha. Kichwa kikateleza polepole, kikakaa sawasawa juu ya boti iliyotega katikati ya mazalio. Boti ya njano! Yaani ameniibia hata rangi! Kwa hasira nikasahau kusoma yadi. Nimempigia simu ofisa wa uvuvi aje kesho, mbele ya watu wote.

Ijumaa, 13 Juni

Sitaki kuandika.

Nilihutubia vizuri sana. Nikadai mwenye boti ya njano anyang'anywe nyavu na asigombee kiti chochote. Makofi! Ofisa akauliza boti ya njano ni ya nani. Kisha sauti nyuma: "Nashon, omera, ndugu yangu, si ni yako?" Shemeji Odhiambo, niliyemtuma mwenyewe kutega pale, akawa anatazama viatu vyake. Willis siku ile alikuwa mbali kabisa, kwenye maji halali, na ana mashahidi.

Nyavu zimekwenda. Jina langu limekatwa. Nimeumia, siwezi kuficha.

Jumamosi, 14 Juni

Willis kapita bila mpinzani. Amenishukuru hadharani kwa kulinda samaki. Watu wakashika mbavu. Mwalimu Cate anaomba bomba likae shuleni. Nimekataa. Bomba halina kosa, kosa ni la ile boti.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani. Nilipanda jiwe tena, nikawaelekezea watu wakitoka ibadani. Gurudumu kidogo tu. Mungu wangu! Kichwa cha Willis, kofia na yote, na chini yake gauni la kitenge chenye kasuku! Mwenyekiti mzima anavaa gauni! Kesho namwambia mchungaji, na mwenye gauni hilo lazima afukuzwe kwenye kwaya.

Phelesia ameingia sasa hivi kutoka kuimba kwaya kanisani, naye amevaa la kasuku vilevile. Sijui Willis amepata wapi kitambaa kinachofanana na cha mke wangu.