Mpaka wa Jimbo Wapita Kati ya Mashemeji

Habari ilimkuta Orest Hnatiuk na andazi mdomoni. Mavuno ya ngano yalikuwa yameisha, asubuhi ilikuwa na baridi ya kuuma masikio, na wenye meza yao ya dirishani pale kituo cha mafuta cha Bernice walikuwa wamekwisha kumalizana kuhusu mvua. Walikuwa wakitafuta ugomvi mpya, na redio ya kaunta ikawaletea: tume ya mipaka ya majimbo ya uchaguzi imependekeza ramani nyingine. Verbivka itakatwa katikati. Walio kaskazini mwa barabara ya kanisani wataingia jimbo la Bear Lake, walio kusini watabaki Kettle Creek.

Orest aliacha kutafuna. Yeye alikaa kaskazini mwa barabara ile. Shemeji yake, Lorne MacVicar, alikaa kusini, na kila mmoja aliona kutoka jikoni kwake mwenzake alikuwa anakula nini.

"Hapana," akasema Orest. Neno hilo lilikuwa la kwanza kumtoka kwa jambo lolote, ndiyo maana hapo mezani walimwita Bwana Hapana.

"Hapana nini? Wameshakata!" Lorne akapiga meza, vikombe vikaruka. Yeye aliitwa Meya. Aligombea umeya zamani, akaanguka vibaya, cheo kikabaki. "Nakuaga rasmi, shemeji. Nenda Bear Lake ukapige kura na dubu."

"Dubu wana akili. Hawatachagua chama cha bluu."

"Weee! Dubu ana mali yake, ana pango lake, ana samaki wake. Huyo ni bluu mtupu!"

"Dubu analala miezi sita anasubiri serikali imletee majira," akadakia Delphine Gaudry. "Huyo ni wa chama cha chungwa."

Delphine alikuwa dereva wa basi la shule mpaka alipostaafu. Waliompa jina la Redio walikuwa na sababu, ila redio ya kweli ina kitufe cha kuzima.

"Nyinyi mnashangaa nini?" akasema. "Mimi nimezaliwa jimbo la Verbivka. Nikaolewa jimbo la Verbivka–Kettle Creek. Nikaachika jimbo la Kettle Creek–Verbivka..."

"Subiri, subiri," akasema Bernice huku akimimina kahawa. "Hilo si ndilo lilelile?"

"Lilelile? Thubutu! Kettle Creek walilia mpaka wakawekwa mbele. Eti wao wana bwawa la kuogelea!"

"Bwawa lenyewe linavuja," akasema Lorne.

"Lilivuja likiwa mbele! Halafu wakaongeza ziwa, tukawa Kettle Creek–Verbivka–Bear Lake. Mbunge wetu akisimama kule bungeni Ottawa kutaja jimbo lake, muda wake wa kuongea ulikuwa umeisha."

"Na wewe muda wote huo umehama nyumba ngapi?" akauliza Bernice.

"Mimi? Hata kitanda sijasogeza! Nimetembea majimbo manne nikiwa nimelala."

Bernice akacheka mpaka kahawa ikamwagika kwenye sahani ya Lorne.

"Shida ni hesabu," Lorne akaeleza, akijifuta. "Kila miaka kumi wanatuhesabu, wanakuta vijana wamekwenda mjini. Sasa jimbo lazima lishibe watu. Wanalivuta huku, wanalivuta kule, kama mtu mnene anayefunga shati la arusi yake."

"Na safari hii kifungo kimekatikia kwetu," akasema Orest.

Alisema kwa sauti ndogo, Delphine akamtazama.

Kila mtu pale alijua. Orest alimpigia kura mgombea wa chungwa tangu apate haki ya kupiga kura, na Lorne alimpigia wa bluu. Tangu Orest amwoe Muriel, dada yake Lorne, wawili hao walikwenda kituo cha kupigia kura kwa gari moja kila uchaguzi, ili asiwepo wa kuchelewa wala wa kuwahi. Kura ya mmoja ilifuta ya mwenzake, kisha walikula pai ya matunda kwa Bernice na kutukanana mpaka jua linazama. Bunge lilibadilika, mawaziri wakuu walikuja na kuondoka, na wao hawakuwa wamemsaidia wala kumdhuru hata mmoja.

"Sasa nani atanifuta?" Orest akauliza.

Lorne akashika kijiko. Akakoroga kahawa isiyokuwa na sukari.

"Tume inasikiliza watu leo alasiri," akasema Bernice. "Ukumbi wa Kettle Creek. Wamesema hapo redioni, nyinyi mlikuwa mnapigana na dubu."

"Hapana," akasema Orest, huku ameshashika kofia yake.

Walikwenda wote wanne kwa gari la Lorne. Bernice alibandika karatasi mlangoni: *Mafuta jihudumieni, nimekwenda kutetea nchi.* Delphine alielekeza njia iliyonyooka tangu nyumbani mpaka huko.

Mbele ukumbini alikaa jaji aliyeongoza tume, mama mwenye nywele fupi nyeupe, na maprofesa wawili kushoto na kulia kwake. Diwani mmoja alikuwa amesoma hotuba ndefu juu ya takwimu, na profesa wa kulia alikuwa akipambana na kope zake. Orest hakuwahi kuzungumza mbele ya watu, hata harusini kwake alitoa shukrani kwa kutikisa kichwa. Alipoitwa, alisogea hatua mbili. Akageuka kutaka kurudi, akamkuta Lorne nyuma yake amesimama kama mlango.

"Songa mbele, shemeji. Ukianguka nitasema ni hoja."

"Bwana Hnatiuk," jaji akasema kwa upole, "sheria inatutaka tuangalie jamii yenye maslahi ya pamoja. Wewe na wenzako wa ng'ambo ya barabara mna maslahi gani ya pamoja?"

Orest akafikiri. "Hatuna, mama."

Delphine akajishika kichwa.

"Huyu hapa ni shemeji yangu. Hatujakubaliana juu ya kodi, bunduki, reli, wala namna ya kupika viazi. Maslahi hatuna. Tuna ugomvi wa pamoja. Sasa mkituweka majimbo mawili, mimi nitagombana na nani? Mtu wa Bear Lake simjui. Siwezi kumwita bwege mtu nisiyemjua, ni kukosa adabu."

Profesa wa kulia alikuwa macho kabisa sasa.

"Na wewe, bwana?" jaji akamwuliza Lorne. "Unakubaliana naye?"

"Sijawahi, mheshimiwa!" Lorne akasema. "Lakini andika kwamba nimeunga mkono."

Watu wakapasuka kwa kicheko. Jaji mwenyewe akainamia meza, mabega yakitikisika. Ndipo Delphine akasimama bila kuitwa. "Mama jaji, msiufuate mstari wa barabara. Ufuateni ule mto ulio kaskazini mwa Verbivka. Barabara tunaivuka kila siku kuazimana jembe na kusengenyana. Mto hatuuvuki, hata ng'ombe wetu wanajua."

Majira ya baridi yakapita bila neno. Ripoti ya mwisho ikatangazwa theluji ikiyeyuka, na wote wakainuka kuisikiliza redio kama wimbo wa taifa. Mpaka umehamia mtoni. Verbivka nzima iko pamoja, upande wa Kettle Creek. Lorne akamkumbatia Orest, kofia zikagongana. Bernice akakata pai asubuhi asubuhi. Kisha mtangazaji akasoma jina jipya la jimbo: Kettle Creek–Bear Lake.

"Verbivka iko wapi?" akauliza Orest.

"Bear Lake wenyewe hawamo!" Delphine akapiga kelele. "Ziwa liko ng'ambo ya mto! Wamewatupa watu wa ziwa wakabaki na jina lao, wametubakiza sisi wakalitupa jina letu!"

"Ni lile bwawa," akasema Lorne. "Wallahi bwawa lina mkono wake." Wakacheka mpaka Bernice akaketi sakafuni.

Siku ya uchaguzi mashemeji walikwenda kwa gari moja kama kawaida, Delphine akiwa amebanwa katikati. Ukumbi wa kanisa ulikuwa umejaa. Orest akaonyesha kitambulisho, akapewa karatasi yake. Lorne akapapasa mfuko wa nyuma, wa mbele, wa koti. Pochi ilibaki kwenye suruali ya jana.

"Hakuna neno," akasema msimamizi, binti wa kutoka mbali asiyemjua mtu. "Mpiga kura wa kituo hiki anayekufahamu anaweza kukuapia kwamba ndiye wewe."

"Redio!" Lorne akaita.

"Nimeshamwapia binamu yangu hapa mlangoni. Mtu mmoja anamwapia mtu mmoja, ndiyo sheria." Macho ya Delphine yalikuwa yanameremeta. "Amebaki Bwana Hapana."

Foleni nzima ikageuka. Orest alisimama na karatasi yake mkononi, akaelewa kilichokuwa mbele yake. Neno moja tu, lile alilolizoea, na kwa mara ya kwanza maishani kura yake ingesimama peke yake bila wa kuifuta. Alijisikia mrefu.

"Bwana, unamfahamu huyu?" binti akauliza.

"Ha..." Orest akaanza.

Lorne akafumba macho.

"Haswa," akasema Orest. "Namfahamu kuliko ninavyopenda. Ni Lorne MacVicar, shemeji yangu, anakaa ng'ambo ya barabara yangu, na akiingia pale atafanya upuuzi. Nipe nile kiapo."

Ukumbi ukapiga makofi, binti akakataza makofi, yakaongezeka. Orest akaapa na kutia sahihi, akaenda kuchagua chungwa, akarudi. Lorne akakaa nyuma ya kizuizi cha boksi muda mrefu mno, mpaka watu wakaanza kukohoa.

Nje kwenye gari, Orest hakuweza kuvumilia. "Ulikuwa unaandika barua huko?"

"Shemeji, nitakwambia ukweli," Lorne akasema. Uso ulikuwa mwekundu. "Kwa wema ulionitendea, mkono wenyewe ulitaka kwenda kwenye jina la mtu wako. Ulishafika kabisa."

Orest akashika mlango wa gari. "Ukaufanyaje?"

"Nikauchapa kofi. Kwani wewe hukusikia?"