Hodi ya Tatu ya Mbaruku

Sogeeni, enyi watu wa Handeni na Korogwe, wenye majembe na wenye vyeti, zilazeni simu zenu mpate kusikia jinsi Mbaruku bin Sharifu, simba wa shamba la mahindi, mstahimilivu wa ukame, alivyokivuka kizingiti cha makumbusho ya sanaa ya kisasa.

Asubuhi hiyo alishuka mjini Korogwe kwenye basi la kutoka Handeni, kanzu yake imenyooshwa kwa pasi mithili ya upanga ulionolewa, na ubavuni pake bintiye Zuena, mhitimu wa sanaa, mwenye siri kifuani. Humo makumbushoni ilitundikwa picha yake ya kwanza. Hakumwambia baba, alitaka aipende kwanza, kabla ya kujua ni ya nani. Maana majirani walikuwa wakimuuliza Mbaruku shahada ile ni ya kazi gani, naye hujibu, "Mwenyewe atasema," kisha huulizia mvua.

Wakalifikia jengo lile la mtaa wa Masuguru, zamani ghala la mkonge, mlango wake u wazi kama lango la ngome. Mbaruku akasimama kizingitini, akakohoa, akanguruma:

"Hodi!"

Ngome ikanyamaza.

"Hodi wenyewe!"

Watu waliokuwamo wakazidi kutazama kuta.

"Baba, hapa watu huingia tu," Zuena akanong'ona.

"Nyumba ina mlango, ina watu, niingie kama mbuzi?"

Akajitokeza Habakuki, mlinzi wa lango. "Shikamoo mzee. Pita tu, humu hamna mwenyewe."

"Marahaba. Hamna mwenyewe? Basi ndiyo siingii kabisa."

Naye alikuwa amebakiwa na hodi moja. Kwani aliyefunzwa adabu hubisha mara tatu, na asipoitikiwa hurudi alikotoka, hata kama alikotoka ni Handeni. Akaishika hodi ile kama mkuki wa mwisho. Jua likaishambulia kofia yake, hakutikisika. Zuena akakimbilia ndani, akaita, "Karibu, baba!"

"Tumekuja basi moja, mwanangu. Utanikaribishaje kwa watu?" Akatazama upande wa stendi. "Nibishe hii ya mwisho, twende zetu."

Zuena akaona siku yake yote inaondoka.

"Baba, ngoja. Humu mna picha yangu. Nimeichora mimi. Ukuta ule wa kushoto ni wangu."

Mbaruku akamkazia macho. "Kumbe una kwako humu, na unaniacha juani?" Akaiweka sawa kofia. "Hodi!"

"Karibu," akaitikia Zuena.

Shujaa akavua viatu, akavuka. Akazipita picha za wengine pasipo kuyumba, hata akaifikia ya bintiye: wekundu mtupu wa vumbi, na juu kabisa mstari mwembamba wa kijivu. Akauelekezea kidole mstari ule.

"Wingu lile," akasema. "Lililotupita likaenda kunyesha Mashewa. Tulikuwa wote uwanjani petu."

Kisha akageukia mlangoni. "We mlinzi! Njoo uone. Hapa ni kwa binti yangu. Karibu!"

Na ikumbukwe na vizazi vyote kwamba siku ile Mbaruku wa Handeni, miguu peku, aliushika ukuta wa kushoto, na mpaka jumba lilipofungwa hakuna mgeni aliyeupita bila kukaribishwa.