Kitenge cha Mama Mkwe

Jumatatu, 2 Juni

Uamuzi umetangazwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na sikutangaziwa mimi. Umetangaziwa ukuta. Mama mkwe hasemi nami uso kwa uso, ndiyo heshima ya ukwe kwetu Wasukuma: hatushikani mikono, hatukalii kiti kimoja, hata nguo ya mwenzio hugusi. Sawa. Lakini ukuta umeambiwa kwamba Jumamosi anavuka ziwa kwa feri ya Kamanga kurudi kwake Sengerema, na anaondoka na mke wangu na mwanangu. Miezi mitatu! Eti hapa hakuna mtu wa kumshika mtoto.

Hakuna mtu! Na mimi ni nini, kabati? Kashindye ana wiki tisa. Wiki zote tisa nimelala kwenye kochi, miguu inaning'inia. Mashati yangu yako chumbani anakolala mama mkwe, siwezi kuingia. Nimelalamika? Humu tu.

Sabina, mke wangu, hataki kwenda. Kaninong'oneza jikoni kwamba mtoto akikubali kulala kwangu, yeye ataongea na mama yake. Tatizo ni dogo. Nikimpakata Kashindye analia kama nimemfinya. Nina siku tano. Zinatosha.

Jumanne, 3 Juni

Nimeazima kibebeo cha Venant. Venant ni mwalimu, jirani yangu, na mtu wa kujionyesha. Kila jioni anashuka kwenye mawe ya kilima chetu cha Mabatini na binti yake kifuani, mikono mfukoni, anapiga mluzi. Alitaka kunielekeza namna ya kufunga mikanda. Nikamwambia mtu anayetengeneza fremu za picha miaka kumi na mbili hashindwi na mikanda.

Nilianza mazoezi na mfuko wa sembe wa kilo tano. Ulitulia kabisa. Sabina akaenda saluni, mara ya kwanza tangu ajifungue, nami nikamtia Kashindye. Kilio! Nikataka kumtoa. Klipu ya mgongoni ikagoma.

Nyumbani tulibaki na mama mkwe tu, na hawezi kunigusa. Akavuta kigoda, akakaa mlangoni, akaanza kuuelekeza mwimo wa mlango. Akauambia mwimo uinue mkono wa kushoto. Nikainua. Akauambia mwimo kuwa huo ni wa kulia. Saa nzima, mtoto analia, mimi nazunguka sebuleni, mpaka Venant alipotoka shuleni akafungua kwa kidole kimoja. Na mluzi juu.

Jumatano, 4 Juni

Mama mkwe ameanza kufunga mizigo. Amepakia hata beseni langu.

Alhamisi, 5 Juni

Nimegundua! Kosa si langu. Nimemchunguza mtoto siku mbili, na hanyamazi kwa sababu ya mgongo wa mama mkwe. Ananyamaza kwa sababu ya kitenge, kile cha majogoo ya njano. Akifungwa kwa kingine anahangaika. Akifungwa kwa majogoo, dakika mbili, kimya.

Leo majogoo yalikuwa kambani yakipigwa upepo tu, na mama mkwe yuko kwenye sala za jumuiya. Najua, najua. Lakini nguo iliyo mwilini ina mwenyewe. Iliyo kambani ni kitambaa. Nionyeshwe sheria inayosema vingine!

Nikainama juu ya kochi, nikamlaza Kashindye mgongoni, nikafunga kama wanavyofunga wao. Akalala. Jamani, akalala! Pumzi yake inanipuliza shingoni. Nilisimama pale nikatokwa na machozi, jambo lisilomhusu mtu.

Ningebaki ndani, mambo yangeishia hapo. Lakini ilikuwa lazima Venant aone. Nikashuka mpaka bombani. Akina mama wote wakanigeukia, ndoo zikafurika. Bibi Justa, jirani wa juu, akajifunika uso kwa khanga. Venant akaniuliza taratibu, kama anamuuliza mwanafunzi, iwapo hicho si kitenge alichovaa mama mkwe wangu kanisani Jumapili. Kumbe kilima kizima kinayajua majogoo yale.

Nikageuka nikamwona mwenyewe anapanda, Biblia mkononi. Akaacha njia, akazungukia kwenye mawe, mama wa miaka sitini na mbili, ili asipite karibu nami.

Ijumaa, 6 Juni

Bibi Justa aliitwa kusuluhisha. Akaamua kwamba kitenge kimeshavaliwa na mkwe, kwa hiyo mama mkwe hawezi kukivaa wala kukigusa tena. Mimi ninunue doti mpya na niombe radhi kupitia kwa mke wangu. Nimeonewa, lakini niliomba. Sabina hakuniangalia. Alikuwa anakunja nguo za mtoto.

Basi Kashindye akaanza. Mama mkwe akambeba kwa kitenge cha kijani. Kilio. Khanga ya Sabina. Kilio. Shuka. Kilio. Tangu asubuhi mpaka saa tisa, mpaka sauti ya mtoto ikaanza kukauka, na sisi sote tumekonda. Majogoo yalikuwa kwenye kochi langu, mkono mmoja tu kutoka alipokaa mama mkwe, na hawezi kuyagusa. Sikuthubutu hata kukohoa.

Mwishowe akautazama ukuta. Macho yake yalikuwa mekundu.

“Huyo baba ambebe mwanawe.”

Nikamfunga. Dakika mbili, kimya. Furaha ilinizidi, nikamnyooshea mama mkwe mkono wa shukrani. Sabina akaudaka njiani.

Jumamosi, 7 Juni

Wanabaki! Mke wangu anabaki, mwanangu anabaki. Sabina aliongea na mama yake, na mama yake hakubisha. Tulimsindikiza kivukoni, mimi hatua kumi nyuma, Kashindye mgongoni ndani ya majogoo. Watu walicheka. Wacha wacheke.

Kabla ya kupanda feri mama mkwe alisimama akaliambia ziwa.

“Kitenge hicho kisifuliwe kwa sabuni ya harufu. Mtoto ananijua humo.”

Sabina akaitikia. Mama mkwe akapanda bila kugeuka. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na sidhani kama alikuwa anacheka. Nilimhurumia kweli, mpaka nikaliona beseni langu kichwani kwake.

Jumatatu nilikuwa kabati. Leo mimi ni baba.

Jumapili, 8 Juni

Nimekifua. Hebu tuwe wakweli, mtu ataingiaje kanisani na kitenge chenye maziwa na mate ya mtoto, na Venant amekaa benchi la nyuma yake? Nilikiloweka jana tulipotoka kivukoni. Sabuni ya unga, ile ya maua, vifuniko vitatu. Kilitoka kinang'aa.

Kashindye alilia tangu wimbo wa kuingia mpaka matangazo. Padri alirudia tangazo la kwaya mara mbili. Sabina akanivua mtoto mgongoni mbele ya watu, akatoka naye.

Nyumbani amesema kesho saa nane anavuka na mtoto kwenda kwa mama yake. Hakupandisha sauti. Amesema amechoka, na mama yake aliongea Kiswahili kinachoeleweka. Aliongea na nani? Liliambiwa ziwa, sikuambiwa mimi! Lawama anabebeshwa nani? Mimi!

Sasa begi liko mlangoni, na kofia ndogo ya Kashindye iko juu yake. Sipendi kuiangalia.

Lakini sijashindwa. Mama mkwe ana kitenge kingine cha siku nyingi, cha samaki wa bluu. Nilikiona Krismasi. Sabina anavuka saa nane, mimi nitavuka na feri ya kwanza, nichukue pikipiki kutoka Kamanga, niwe nimerudi kabla hajashuka na begi. Jumatatu mama mkwe huenda shamba mapema, na kamba anayoanikia vitenge vyake iko nyuma ya nyumba, upande usioonekana barabarani.