Hosteli ya Kijamaa ya Lucian

Lucian wa Newala hakuwahi kuiba kitu. Alikuwa akipewa. Bwana Bartholomayo, ofisa wa maendeleo, alipohamishiwa Lindi, alimwachia ufunguo wa nyumba ya serikali amkabidhi atakayekuja badala yake. Lucian akaitazama nyumba ile ya vyumba vitatu, akaona ni dhambi ikae bure wakati taifa zima linajenga Ujamaa. Wiki haikuisha, ikawa hosteli.

Mtaji ulikuwa mdomo tu. Vita ya ng'ambo ya mto Ruvuma ilikuwa imeleta maofisa wengi mjini, gesti zikapanda bei. Basi la Masasi likiingia, Lucian alikuwa stendi akichagua wenye viatu safi na mifuko mitupu.

Siku hiyo alishuka mama mmoja wa makamo mwenye sanduku. Alisimama akiitazama gesti ya ng'ambo ya barabara, akipiga hesabu kichwani na hesabu ikimkatalia.

"Shikamoo, mama. Mimi naitwa Lucian. Pale watakukamua. Karibu hosteli yangu ya kijamaa. Tunalala pamoja, tunapika pamoja, bei ya ndugu kwa ndugu."

"Marahaba." Mama alimtazama kwa muda. "Mimi Paskalia. Hosteli naziogopa, ndugu. Iringa nililala chumba cha watu wanane, mmoja akakoroma mpaka alfajiri, mwingine akaondoka na kanga yangu."

"Kwangu hakuna mwizi anayelala." Hilo lilikuwa kweli, maana yeye alilala chumba cha kupanga, mtaa wa pili.

"Maji je?"

"Tele," alijibu Lucian. Newala, ambako maji hupandishwa kutoka bondeni kwa kichwa, neno hilo lilitaka ujasiri.

Walipofika, Paskalia aliikagua nyumba chumba kwa chumba.

"Ni ya nani hii?"

"Yangu. Nimerithi kwa babu."

"Babu yako alikuwa na akili," alisema Paskalia, akakaa barazani. "Sikiliza, ndugu Lucian. Jumamosi nina wageni, kundi zima, na watakaa sana. Wanataka pa bei nafuu, lakini uchafu hawautaki. Kwa hali hii nitawapeleka gesti."

Kundi zima. Lucian akaanza kuhesabu vitanda kwa vidole.

"Kasoro ni nini, mama?"

"Vyandarua hakuna. Magodoro yamekuwa chapati. Kuta nyeusi. Na lile pipa la maji tele, nimeligonga, linalia kama debe."

Mjanja akipata tamaa hugeuka mteja. Lucian aliuza baiskeli yake, akauza kitanda chake, mwisho akarudisha na chumba alichopanga, kwani mwenye hosteli hakosi pa kulala. Akanunua magodoro na vyandarua. Akapaka chokaa kwa mkono wake, akapanda na kushuka bonde la maji mpaka shingo ikagoma, huku Paskalia akinywa chai barazani.

"Kona ile bado, ndugu Lucian."

"Naiona, mama."

Jumamosi lori lilisimama mlangoni. Akateremshwa bibi mmoja aliyekumbatia kuku, wakafuata watoto wanne, meza na cherehani.

"Wageni wako wapi?" Lucian aliuliza.

"Ndio hawa. Huyu mama yangu, hawa wanangu. Mimi ndiye Bibi Maendeleo mpya. Bwana Bartholomayo aliniambia ufunguo uko kwa Lucian. Ulipojitaja stendi, nikasema ngoja nione huyu ndugu anafika wapi." Akanyoosha mkono. "Ufunguo."

Lucian alimpa. "Lakini magodoro ni yangu, mama."

"Sawa. Twende polisi ukawaeleze yameingiaje nyumba ya serikali."

Lucian aliyatazama magodoro, akaitazama barabara ya polisi.

"Yaache tu. Ni mchango wangu."

"Kijana mwenye moyo huyu," bibi mwenye kuku alisema. "Mpeni chai."

Akanywa, kwa kuwa alikuwa na kiu ya kweli. Kisha akashika njia, hana baiskeli, hana kitanda, hana chumba. Gesti walimtajia bei akageuka kabla hawajamaliza. Jua likielekea kuzama, alikuwa kwenye mlango wa bweni la wasafiri, ambako wauza korosho kutoka Mnyambe walikuwa wakigombea vitanda vya karibu na dirisha.

Mzee wa mlangoni alimwonea huruma.

"Umewahi kulala hosteli, mwanangu?"

"Hapana, mzee," alisema Lucian. "Nilikuwa na yangu."