Vipande Vitatu vya Kabureta

Jumanne, 4 Machi
Leo Bibi katoa hukumu. Gari la marehemu babu likitoka lenyewe pale uani kabla ya Jumapili mchana, langu. Lisipotoka, Shemeji, mume wa dada, analiuza chuma chakavu na pale anajenga banda la kuku. Shemeji kacheka mpaka kapaliwa. Kasema Kimya (ndiyo mimi) hata kupiga hodi anaogopa, injini ataiweza wapi? Nikaenda kufungua boneti. Nilikuwa natafuta jibu. Bado natafuta.

Jumatano, 5 Machi
Nimeshinda kwenye tundu la ukuta namchungulia fundi wa ng'ambo ya barabara. Kumuuliza naona haya. Lakini nimeona yote. Kafungua kabureta ya gari lililogoma kuwaka, kaiosha kwa petroli, kaisugua kwa mswaki, kapuliza vitundu kwa pampu ya baiskeli, kafunga, gari likawaka. Kumbe ndiyo hivyo tu!

Halafu nimegundua siri. Ana kopo limejaa springi, skrubu, nati. Vimebaki! Kwa hiyo fundi hasa harudishi vyote. Anachagua. Wa kurudisha kila kitu ni mwanafunzi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimefungua kabureta jikoni, kwenye sinia la dada. Vipande thelathini na moja. Uchafu mweusi tii. Ndani kuna buibui, kanitazama kama mgeni ni mimi. Mswaki wa ziada sina. Nikatumia wa Shemeji, nikauchovya kwenye petroli. Nimeusuuza vizuri sana.

Jioni Shemeji kauliza nani kabadilisha dawa ya meno. Dada kamwambia asogee mbali na jiko.

Ijumaa, 7 Machi
Kufunga. Boya limerudi, sindano imerudi. Nimebakiza vitatu: skrubu, kiwaya, na springi moja ndefu. Hiyo springi jeuri! Imeniruka mara mbili, ya pili ikampata Shemeji kisogoni. Nikajua hiyo ndiyo isiyo na kazi.

Shemeji kachimbia nguzo nne za banda, mbele kabisa ya pua ya gari. Eti anaokoa muda. Kaniambia nimchagulie jogoo jina. Nyoka yule!

Jumamosi, 8 Machi
Nimeazima betri kwa fundi. Nilinyoosha kidole tu. Kauliza kama kabureta nimefunga mwenyewe. Nikaitikia kwa kichwa. Kauliza kama kuna kilichobaki. Nikanyoosha vidole vitatu, kifua mbele. Kanitazama weee! Heshima hiyo. Kasema kesho atakuja kuona, ila atasimama mbali.

Jumapili, 9 Machi
LANGU!

Saa nne Bibi kapanda kiti cha mbele, mkoba mapajani, kasema haya mume wangu, twende. Nikawasha. Likawaka! Bibi vigelegele. Nikatia gia. Nikatoa mguu kwenye mafuta, lenyewe ndiyo kwanza likazidi kunguruma. Nikakanyaga breki mpaka chini, hamna kitu. Nguzo ya kwanza. Ya pili. Ya tatu na ya nne kwa pamoja. Shemeji yuko juu ya tangi la maji anataja majina ya marehemu wa kwao wote. Tukazimikia kwenye rundo la mchanga nje ya geti. Bibi kauliza mbona tumefika haraka hivi.

Shemeji kadai haihesabiki. Bibi kamwambia hukumu ilikuwa litoke, na limetoka, sasa ashuke kwenye tangi lake.

Fundi kaishika ile springi, kanieleza polepole kwamba ndiyo inayopunguza mafuta ukitoa mguu. Eti vya kwenye kopo lake ni vya magari yaliyokufa. Kasema niende kesho anifundishe bure. Wivu huo. Nikatazama chini, nikamwambia asante, nimeshajua.

Jumamosi Bibi anataka nimpeleke kwa dada yake, kule kwenye mteremko. Kwa hiyo kesho nafungua breki. Nimeshaingia chini ya gari kuangalia. Vipande vingi mno. Nusu yake naona ni mapambo.